Ringi ya kushonea kwilti kwa mkono: namna ya kuichagua, kuijaribu na kuifunga isiruke

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wanaoshona kwilti (tandiko la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja: kitambaa cha juu, pamba katikati na bitana chini) kwa mkono hapa Arusha na kule Moshi ni matatu, na yanajirudia. Ringi, yaani zile duara mbili zinazoingiliana na kubana kazi kwa bolti, inaruka katikati ya kazi. Bitana inatoka na makunyanzi. Mkono unaokaa chini ya ringi unakufa ganzi hata nusu saa haijafika.

Wengi hulaumu sindano, wengine pamba, wengine hujilaumu wenyewe na kuiweka kazi kabatini. Ukiniuliza mimi, kagua ringi kwanza. Mara nyingi mtu amenunua ringi ya kudarizi, ile nyembamba ya kushikia kitambaa kimoja cha mezani, halafu anailazimisha kubana tabaka tatu zenye pamba katikati. Au amepata ringi nzuri kabisa, lakini amekaza mpaka kitambaa kinalia kama ngoma.

Ringi ya kwilti inachaguliwa kwa mambo mawili: unene wa kazi yako na urefu wa mkono wako. Ukubwa wa kwilti haumo. Kwilti ya kitanda cha futi sita inashonwa vizuri tu kwenye ringi ya sentimita 35, kipande kwa kipande.

## Vifaa vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Kipande cha kitambaa cha juu, sentimita 60 kwa 60: kitenge, khanga au popilini, kile kile utakachotumia kwenye kwilti.
- Kipande cha bitana cha ukubwa huo. Merikani iliyofuliwa au shuka laini la pamba vinafaa.
- Kipande cha pamba ya kati, au blanketi jepesi kama ndilo unalotumia badala ya pamba.
- Futi ya fundi cherehani.
- Sindano fupi za kwilti, namba 8 au 9. Namba ikipanda, sindano inakuwa ndogo zaidi. Anayeanza asikimbilie 10 wala 12.
- Uzi wa pamba, na uzi mwingine wa bei ndogo wa kupigia bandi (mishono mikubwa ya muda ya kushikilia tabaka).
- Subana (kikofia cha kukinga kidole kisichomwe na sindano) ya kidole cha kati.
- Soksi ya nailoni iliyozeeka na kitambaa cheupe kidogo. Kazi yake utaiona sokoni.
- Msasa laini, kipande cha mshumaa, na shuka kuukuu jeupe la pamba la kuchania vitambaa vyembamba.

## Hatua ya 1: Shona sampuli ya tabaka tatu

Fua kitenge na bitana kwanza. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kigumu, na rangi nyingine hutoka. Ukipima ringi kwa kitenge kibichi utadanganyika, maana kikishafuliwa kinalainika na ringi iliyokuwa inabana inaanza kuteleza.

Tandaza bitana mezani, uso wake ukitazama chini. Juu yake weka pamba, kisha kitambaa cha juu. Piga bandi kubwa kubwa kutoka katikati kwenda nje, mistari ikiachana sentimita 10 hivi. Hiyo ndiyo sampuli utakayobeba kila unapokwenda kutafuta ringi.

Kwa nini usumbuke? Kwa sababu ringi tupu mkononi huonekana nzuri zote. Tofauti inajitokeza pale inapomeza tabaka tatu. Muuzaji akikukatalia kuijaribu, nenda duka la pili.

Utajua umefaulu: ukiinua sampuli kwa pembe moja, tabaka zinakwenda pamoja, hakuna inayobaki nyuma.

## Hatua ya 2: Pima mkono wako, usipime kitanda

Kaa kwenye kiti unachoshonea. Egemea, mabega yashuke. Sasa wazia kwamba ringi iko mapajani na mkono mmoja uko chini yake. Mkono huo wa chini ndio unaoipokea ncha ya sindano na kuisukuma irudi juu, kwa hiyo lazima ufike katikati ya ringi bila wewe kuinama wala kuinua bega.

Chukua sinia la duara la jikoni, pima upana wake, liweke mapajani. Peleka mkono chini yake mpaka katikati. Kama kiwiko kimetulia ubavuni, upana huo unakufaa. Kama umeanza kupinda mgongo, ni kubwa kwako.

Ringi ya inchi 14, yaani sentimita 35 hivi, katikati yake iko sentimita 17 na nusu kutoka ukingoni. Watu wazima wengi wanapafika bila shida, ndiyo maana ninaipendekeza kwa yeyote anayenunua ya kwanza. Ya inchi 18 (sentimita 46) inakuweka sentimita 23 kutoka ukingoni. Inafaa kwa mwenye mikono mirefu, na inapunguza kuhamahama, lakini uzito nao unaongezeka. Ya inchi 12 ni nzuri kwa mto, kwilti ya mtoto mchanga, au kwa mwenye maumivu ya kiganja.

Zipo za inchi 22 na zaidi. Hizo zinataka stendi ya kusimamia. Mapajani zitakuchosha.

Umbo la yai linasaidia mkono kufika katikati kwa upande mwembamba, ila halibani sawasawa pande zote. Anayeanza achukue duara.

## Hatua ya 3: Angalia kina cha ukingo na urefu wa bolti

Soma sehemu hii polepole, kwa sababu wengi hununua vibaya hapa.

Kina ni kimo cha ukingo wa ringi ikiwa imelala mezani. Ringi nyingi za kudarizi zina kina cha sentimita 1 au pungufu. Ringi ya kwilti inatakiwa iwe na sentimita 2 hadi 2.5. Sababu ni msuguano: tabaka zinashikwa kwenye ule mkanda ambapo ringi ya ndani na ya nje zinakutana. Mkanda wa sentimita 1 unashika eneo dogo, na pamba iliyobanwa inasukuma nje muda wote. Ukitikisa kazi kidogo, ringi ya nje inapanda na kuruka.

Ubao nao usiwe mwembamba wa kupindika ukiubonyeza kwa vidole viwili. Milimita 6 hadi 8 zinatosha. Ringi inayopindika itabana karibu na bolti na kulegea upande wa pili.

Sasa bolti. Ringi ya nje ikitaka kuachana na ya ndani kwa milimita 1 tu kuzunguka kote, ule mwanya wa kwenye bolti lazima ufunguke zaidi ya milimita 6. Ndivyo mzingo wa duara ulivyo. Tabaka zako tatu, hata zikibanwa, zina unene wa milimita 2 au 3. Maana yake mwanya utafunguka milimita 12 hadi 19 kabla hujaanza hata kukaza. Ongeza unene wa vishikizo vya chuma pande zote mbili na nati yenyewe, unajikuta unahitaji bolti ya sentimita 5 au zaidi.

Bolti za ringi za kudarizi ni fupi. Nati inaishia kwenye nyuzi mbili za mwisho, unakaza kwa koleo, nyuzi zinasagika, ringi imekufa. Kama una ringi yenye kina kizuri lakini bolti fupi, usiitupe. Toa bolti, ipeleke duka la vifaa vya ujenzi, tafuta ya kipenyo kile kile lakini ndefu, pamoja na nati yenye masikio ya kukazia kwa vidole.

Onyo: ringi inayohitaji bisibisi ili ikaze itakufanya ukaze kupita kiasi. Nguvu ya vidole inatosha.

Utajua umefaulu: ukiifunga sampuli, nati imeshika nyuzi nyingi, na bado kuna nafasi ya kukaza zaidi na ya kulegeza zaidi.

## Hatua ya 4: Ikague mkononi

Arusha, maduka na vibanda vya vifaa vya ushonaji karibu na Soko Kuu na soko la Kilombero ndiko pa kuanzia, ingawa utakachokuta mara nyingi ni ringi za kudarizi. Moshi, pitia Mbuyuni na Soko Kuu. Kwenye mitumba ya Memorial na Kiborloni nenda kwa ajili ya mashuka ya bitana na mablanketi mepesi. Ringi ukiikuta huko ni bahati.

Ukishaishika, fanya haya palepale:

Vaa soksi ya nailoni mkononi na uipitishe kuzunguka ringi zote mbili, ndani na nje. Soksi ikinasa, pana kibanzi. Kibanzi kidogo kinaondoka kwa msasa. Ufa kwenye kiungo cha ubao hauponi, iache.

Ingiza ringi ya ndani ndani ya ya nje, inua zielekee kwenye mwanga, zungusha ya ndani taratibu. Ukiona mwanga mwembamba ulio sawa kuzunguka, zinaendana. Ukiona mwanga mkubwa upande mmoja na giza upande mwingine, mojawapo imepinda.

Lowesha kidogo kile kitambaa cheupe, futa ubao kwa nguvu. Kikitoka na rangi ya kahawia, rangi hiyo itahamia kwenye kwilti yako siku mikono ikitoka jasho.

Tikisa vishikizo vya chuma vinavyobeba bolti. Vikicheza leo, vitang'oka.

Kuhusu plastiki: ni nyepesi, haiozi, lakini inateleza. Ukikosa ya mti unaweza kuitumia kwa kuivisha kitambaa kama nitakavyoeleza hatua ya 6. Mti ukiwepo, chukua mti.

## Hatua ya 5: Ukiikosa madukani, itengenezeshe

Hili ni jambo la kawaida katika miji yetu na halipaswi kukukwamisha. Kuna njia mbili.

Kwa seremala. Chukua sampuli yako na karatasi yenye vipimo. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, karibu mama."

"Nataka ringi mbili za mti zinazoingiliana, ya ndani ipime sentimita 35 kutoka ukingo hadi ukingo, kina sentimita mbili na nusu."

"Hiyo ndogo, nakukatia kwenye ubao mmoja."

Hapo usikubali. Duara lililokatwa kutoka ubao mmoja lina sehemu mbili ambazo nyuzi za mti zinapita kwa mkato, na hapo ndipo litavunjika ukikaza bolti. Mwombe atumie vipande vyembamba vya milimita 2 hadi 3, avikunje kuzunguka kitu cha duara na kuvigundisha tabaka juu ya tabaka mpaka unene ufike milimita 7 hivi. Mti uwe mkavu kabisa. Mti mbichi utapinda kabla hata hujamaliza kwilti ya kwanza.

Ringi ya ndani ikishakauka, ya nje ikunjwe kuizunguka hiyo ya ndani, katikati yake kukiwa kumewekwa sampuli yako iliyofunikwa nailoni ili gundi isishike. Namna hii nafasi inapatikana bila kubahatisha. Ncha za ringi ya nje zisikutane: ziachane sentimita 2, na kila ncha ifungwe kishikizo cha chuma cha kupitishia bolti. Mwambie asipake vanishi kwenye nyuso zinazokutana. Vanishi inateleza.

Kwa bomba za plastiki. Fremu ya mraba ya bomba za maji inafanya kazi vizuri sana, na vifaa vyake vinapatikana duka lolote la mabomba. Nunua bomba ya nusu inchi na elibo (viungo vya pembe) nne. Kata vipande vinne vya sentimita 40, viunganishe bila gundi ili uweze kuifungua fremu ukimaliza kazi.

Vibanio vinatoka kwenye bomba ya robo tatu: kata vipande vinne vya sentimita 30, kila kimoja kipasuliwe kwa urefu na kuondolewa kama theluthi moja ya mzunguko wake. Kinabaki na mdomo wazi unaoruka juu ya bomba ya ndani na kubana kitambaa. Piga msasa kingo zote za mkato kwa uangalifu, kwa sababu plastiki iliyokatwa kwa msumeno inachana kitambaa kama wembe.

Faida kubwa ya fremu hii ni kwamba unaweza kukaza au kulegeza upande mmoja mmoja kwa kuzungusha kibanio. Hasara yake ni pembe zinazogonga mapaja, na mraba huo unataka mkono mrefu kidogo. Mwenye mkono mfupi apunguze vipande viwili viwe sentimita 28, na vibanio vyake navyo avifupishe vitoshee.

## Hatua ya 6: Ivishe ringi ya ndani

Mti mtupu dhidi ya popilini laini huteleza. Chana shuka jeupe vitambaa vyembamba vya upana wa sentimita 2.5, viunganishe upate urefu wa mita 6 hivi kwa ringi ya sentimita 35. Zungushia ringi ya ndani kwa mshazari, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, ukivuta sawasawa.

Malizia kwa kushona mwisho wake upande wa ndani wa duara, pasipogusa kwilti. Usitumie gundi, kwa sababu gundi inakuwa ngumu na kuacha alama. Usitumie khanga ya rangi, kwa sababu inaweza kuchuja.

Ringi ya nje iache tupu. Ukivisha zote mbili, bolti itakosa urefu.

Utajua umefaulu: ukifunga sampuli na kuivuta pembeni kwa mkono, haisogei, na bolti hujaigusa zaidi ya mara ya kwanza.

## Hatua ya 7: Piga bandi kwilti nzima kwa uzi

Kwa ufupi: katikati kwenda nje, mistari ya sentimita 10 hadi 12, wima na ulalo, na mshono mmoja kuzunguka pindo lote.

Pini za nepi zinaweza kushika tabaka, lakini pini ikiingia kati ya ringi mbili inatoboa kitambaa na kuukwaruza mti, na ikisahaulika msimu wa mvua inaacha kutu. Kwa kazi ya ringi, bandi ya uzi ni bora. Usidhani ringi itafidia bandi mbovu. Ringi inashika tabaka kama ilivyozikuta: kama bitana ina mkunjo, inaufunga mkunjo huohuo, na wewe unaushona.

## Hatua ya 8: Funga, kisha legeza

Fanya kazi hii mezani au sakafuni kwenye mkeka. Ukiifanya mapajani, bitana itakunjika bila wewe kuona.

Legeza bolti vya kutosha. Weka ringi ya ndani chini ya katikati ya kwilti. Laza kiganja juu na upanguse kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni, bila kuvuta. Weka ringi ya nje juu na uisukume chini kwa viganja viwili kwa wakati mmoja, pande mbili zinazotazamana. Ikigoma, usiipige ngumi. Legeza bolti zaidi.

Kaza kwa vidole mpaka ringi isizunguke. Sasa, kabla ya kugusa sindano, weka kiganja katikati na ubonyeze chini kwa upole mpaka kitambaa kishuke sentimita 2 hivi, ringi ikiwa imeinuliwa kidogo kutoka mezani.

Hapa wengi hushtuka. Tumezoea kwamba kwenye kudarizi kitambaa lazima kikazwe. Kwilti ina mahitaji tofauti: sindano inayumba, inazama, inarudi, inazama tena, na inabeba mishono mitatu au minne kabla hujavuta uzi. Ili iyumbe hivyo, kitambaa lazima kikubali kuinuka na kushuka kinaposukumwa na kidole cha chini. Kikiwa kimekazwa kama ngoma, sindano inapenya mshono mmoja mmoja, mishono inakuwa mirefu juu na midogo chini, na vidole vinaumia kwa kulazimisha. Isitoshe, pamba iliyovutwa ikiachiwa inarudi mahali pake na kukunja bitana. Hapo ndipo makunyanzi mengi yanapotoka.

Kulegea kupita kiasi nako kuna hasara yake: kitambaa kinajikusanya mbele ya sindano, na uzi ukivutwa unakunja juu.

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Weka kidole cha shahada chini ya katikati ya ringi, sukuma juu. Ukiona umbo la ncha ya kidole limejitokeza wazi juu ya kitambaa, umepatia. Ukiona kitambaa kizima kimeinuka kama kilima kipana, bado kimekazwa mno. Ukiona kidole kimevikwa kitambaa chote na mikunjo pembeni, kimelegea mno.

Geuza ringi, tazama bitana. Pitisha kiganja. Mkunjo wowote ukiuhisi, fungua na uanze upya. Dakika mbili za sasa zinakuokoa kufumua jioni nzima.

Tazama pia mistari ya kitambaa. Kama kitenge kina mraba na mraba umegeuka msambamba, umevuta mshazari. Fungua.

## Hatua ya 9: Jaribu sindano kabla ya kuanza

Kaa mlangoni au dirishani, mwanga ukitokea upande wa mkono usioshonea, ili kivuli cha mkono wako kisiangukie mshono. Egemeza upande mmoja wa ringi kwenye ukingo wa meza na upande mwingine mapajani. Uzito wa kwilti unabebwa na meza, kiganja kinabaki huru. Hili pekee limewaondolea maumivu watu wengi waliokuwa wakiishika ringi kwa nguvu saa nzima.

Kata uzi wa sentimita 45. Uzi mrefu zaidi unachakaa kwa kupita tundu lile lile mara nyingi. Subana kwenye kidole cha kati cha mkono wa juu.

Simamisha sindano wima mpaka kidole cha chini kihisi ncha. Laza sindano, kidole cha chini kikisukuma kilima kidogo mbele yake, ncha itokeze juu. Inua tena, rudia. Beba mishono mitatu, vuta.

Kitenge kilichofumwa kwa kubana kinaigomea sindano zaidi ya merikani, kwa hiyo usihukumu ringi kwa sababu ya ugumu huo. Badilisha sindano iwe 8. Na usihangaike kupata mishono midogo sana mwanzoni. Mishono sita kwa inchi iliyo sawa kwa urefu, juu na chini, ni kazi nzuri. Inayopishana urefu inaonekana hata na asiyejua kushona.

Utajua umefaulu: ukigeuza ringi, kila mshono umetokea bitana, na bitana imelala.

## Hatua ya 10: Hamisha ringi bila kuharibu mstari

Anza katikati ya kwilti, elekea nje, daima. Ukianza pembeni ukakutana katikati, kitambaa kinachobaki hakina pa kwenda.

Usishone mpaka kwenye mti. Ishia sentimita 3 kabla ya ukingo, kwa sababu hapo kitambaa hakibonyei na mishono inarefuka. Mstari ukiendelea nje ya ringi, usikate uzi. Acha sindano ikining'inia na uzi wake juu ya kwilti, hamisha ringi, endelea. Hakikisha tu sindano haijabanwa kati ya ringi mbili.

Unapofungua, legeza bolti kwanza, kisha inua. Kuvuta ringi iliyokazwa kunachubua kitenge na kung'oa bandi.

Ukiacha kazi kwa siku hiyo, toa ringi, hata kama utarudi baada ya chakula cha jioni. Ringi iliyolala kwenye kwilti inaacha duara la mkunjo na vumbi ambalo halitoki kirahisi, hasa kwenye nyumba inayopikia mkaa.

## Pembeni, ambapo ringi haina cha kushika

Ukifika ukingoni, nusu ya ringi inabaki hewani. Watu wengi hapa huacha ringi na kushona bila kitu, na ndiyo maana mipaka ya kwilti nyingi ina mawimbi.

Chana kipande cha shuka kuukuu chenye upana wa sentimita 25 au 30, kishone kwa bandi kwenye pindo la kwilti kupitia tabaka zote tatu. Sasa ringi ina kitambaa cha kushika pande zote. Kwa kuwa kipande hicho ni chembamba kuliko kwilti, ringi itabana vibaya upande huo, kwa hiyo kikunje mara mbili au tatu mahali ringi inapopita. Ukimaliza upande mmoja, fumua bandi, kihamishie upande unaofuata. Kipande kimoja kinatosha kwilti nzima.

## Kuitunza

Ringi zihifadhiwe zikiwa zimeingiliana, bolti imelegezwa, zimelazwa bapa. Zikiegemezwa ukutani zinapinda. Ziwe mbali na jiko na jua la dirishani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mti unavimba kidogo, hivyo bolti iliyokuwa sawa Februari itabana zaidi Aprili: ilegeze kabla ya kulazimisha. Paka nyuzi za bolti nta ya mshumaa, nati itateleza na kutu itachelewa.

Kitambaa ulichozungushia ringi kifunuliwe na kufuliwa kila ukimaliza kwilti moja. Kikianza kung'aa kwa kusuguliwa, hakishiki tena. Chana kingine.